Mafundi Wachongao Mvua Mjini Tokyo

Upande wa mashariki wa Tokyo, mji mkuu wa Japani, hupita mto uitwao Sumida. Ni mto mpana, wenye kuta za saruji pande zote mbili, na mashua hupanda na kushuka humo tangu asubuhi hata usiku. Madaraja yaliyo juu yake ni mengi. Mojawapo huitwa Shin-Ohashi, yaani Daraja Kubwa Jipya, na huenda msomaji akacheka akiambiwa ya kwamba upya huo umepita miaka 300, maana daraja la kwanza lenye jina hilo, lililokuwa la mbao, lilijengwa mwaka wa 1693. Lililopo leo ni la chuma. Lilimalizika mwaka wa 1977, na magari hulivuka mchana kutwa bila mtu kulitazama.

Lakini daraja hili linajulikana katika nchi nyingi ambazo watu wake hawatafika Tokyo kamwe. Mwaka wa 1857, wakati mji huo ulipokuwa ukiitwa Edo, mchoraji Utagawa Hiroshige alilionyesha katika picha moja ya mfululizo wake wa mandhari mashuhuri za mji. Mvua ya ghafula ya majira ya joto imewakuta watu juu ya daraja. Wengine wamejibanza chini ya mwavuli, mwingine amejifunika mkeka, na wote wameinama kama afanyavyo mtu ye yote apigwaye na mvua mgongoni. Chini yao mtu mmoja anasukuma chelezo chake mtoni kana kwamba hakuna jambo. Ng'ambo ya mto haionekani ila kama kivuli. Juu ya hayo yote, toka wingu jeusi hata majini, imeshuka mistari ya mvua, myembamba kama nywele, mamia kwa mamia. Miaka 30 baadaye, yaani mwaka wa 1887, Vincent van Gogh aliiona picha hii huko Paris akavutiwa nayo hata akainakili kwa rangi za mafuta, na nakala yake imehifadhiwa mjini Amsterdam.

Basi jina la Hiroshige linajulikana, na la van Gogh pia. Hata hivyo Hiroshige hakuuchonga mstari hata mmoja wa mvua ile, wala hakuipaka rangi karatasi hata moja. Alichotoa ni mchoro wa wino juu ya karatasi nyembamba, na mchoro huo uliharibiwa makusudi na fundi aliyeupokea. Picha za namna hii zilikuwa kazi ya watu wanne: mtoaji aliyetia fedha na kuuza, mchoraji, mchongaji wa mbao, na mpiga chapa. Wawili wa mwisho ndio waliofanya kila kitu ambacho jicho hukiona, nao ndio wasiojulikana. Kazi yao haijafa. Karakana zao zingalipo mjini Tokyo, ingawa si nyingi, na picha hiyo ya mvua ni miongoni mwa zile zinazochongwa upya na kupigwa chapa kwa njia ile ile ya zamani.

Mgeni aendaye kuitazama kazi hiyo hudhani atakuta kiwanda chenye mitambo na kelele. Badala yake hukuta chumba kidogo katika njia nyembamba, pengine juu ya duka au nyuma ya nyumba ya kuishi. Mchongaji hukaa sakafuni, miguu ameikunja, na mbele yake ni meza fupi nene yenye ubao. Uso wake u karibu na ubao huo kama mtu anayenong'ona. Kando yake kuna mawe ya kunolea na bakuli la maji, na hayo ndiyo yanayoanza siku. Kisu hunolewa kabla ya kazi, hunolewa tena katikati ya kazi, na fundi mzuri hungoi kisu kikatae. Husikia mkononi mwake kwamba makali yamepungua kabla jicho halijaona alama yo yote.

Ubao wenyewe ni wa mti wa mcheri wa milimani. Wajapani husifu maua ya mcheri, na kila mwaka hutoka makundi makundi kwenda kuyatazama, lakini mchongaji hupenda shina. Mti huu ni mgumu, kwa hiyo mstari mwembamba haukatiki ovyo. Nyuzi zake ni za sawasawa, kwa hiyo ubao hauonyeshi michirizi yake katika rangi. Tena huvumilia kuloweshwa na kukauka mara nyingi bila kupindana. Hupasuliwa kwa urefu wa shina, hukaushwa kwa miaka, kisha hupigwa randa hata uso wake ung'ae. Siku hizi mbao pana za mcheri zisizo na kifundo ni adimu, na bei yake ni kubwa. Wengine hubandika bamba jembamba la mcheri juu ya plaiwudi, jambo ambalo wazee wa kazi hii hawalipendi sana, lakini nao wanajua hesabu ya fedha.

Mchoro unapofika, mchongaji hupaka ubao gundi ya mchele kwa kiganja cha mkono, akailaza karatasi kifudifudi. Ikikauka kidogo huanza kuisugua mgongoni kwa ncha za vidole, polepole, mpaka nyuzi za karatasi zijikunje kama uchafu wa mkono uliolowa, na sehemu kubwa ya unene wake iondoke. Kinachobaki ni ngozi nyembamba mno yenye mistari ya wino, nayo hupakwa mafuta kidogo ili mistari ionekane wazi. Toka hapo hakuna kurudi nyuma. Kila kisu kitakapopita, karatasi itaondoka pamoja na mti. Kwa mafundi wa siku za Hiroshige mchoro huo ulikuwa mmoja tu, bila nakala. Siku hizi nakala hutolewa kwa kamera, na hofu imepungua upande huo, ingawa ubao ungali ule ule.

Kisu hushikwa kwa ngumi, kidole gumba juu ya mpini, na kidole cha mkono wa kushoto hukaa karibu na makali ili kuyaongoza. Jambo linalomtatiza mgeni ni hili: mstari wenyewe hauguswi. Fundi hukata upande wake mmoja, akageuza, akakata upande wa pili, na mstari ukabaki umesimama kati ya mifereji miwili. Wala hakati wima. Hulaza kisu ili ukuta wa mstari uwe na mteremko, juu mwembamba na chini mpana, kama tuta la viazi lililopandishwa vizuri. Tuta lililosimama wima hubomolewa na mvua ya kwanza, na mstari uliokatwa wima huvunjika utakaposuguliwa.

Hapo ndipo mvua ya Hiroshige inapokuwa mtihani. Mstari wa uso wa mtu au wa paa la nyumba ni mfupi, na kisu hupumzika kwenye kona. Mstari wa mvua hauna kona. Karatasi ya picha ile ina urefu wa sentimita 36 hivi, na mistari mingi hushuka sehemu kubwa ya urefu huo bila kukatika. Mkono ukisita katikati, kusita kwake huonekana milele. Kisu kikifuata nyuzi za ubao badala ya kufuata wino, mvua hupinda. Tena mvua hiyo haimo katika ubao mmoja. Imechongwa katika mbao mbili, na mistari ya ubao wa pili ina mwinamo mwingine kidogo, hata zipigwapo moja juu ya nyingine mvua huonekana ikisukumwa na upepo. Mchongaji anayechonga upya kazi hiyo hukata pande mbili za kila mstari, katika mbao mbili, na wakati wote huo pumzi yake huitoa kwa kipimo. Katika saa hizo hakuna aongeaye naye.

Na akikosea? Mstari uliovunjika haugandishwi. Lazima sehemu ile ichimbwe iwe shimo, kipande kipya cha mcheri kichongwe kilingane nalo kabisa, kitiwe kwa nguvu, kisawazishwe, na mistari ichongwe tena juu yake. Mafundi wanajua kufanya hivyo, na picha ikitoka mtu wa kawaida hatagundua. Lakini mwenye kosa huijua sehemu ile kila aitazamapo.

Mistari ikikwisha kukatwa, hubaki kuondoa mti usiotakiwa. Hapo ndipo nyundo ya mti husikika. Mbali na mistari hutumiwa bobari kubwa, kisha patasi ndogo ndogo husogea karibu, na mwisho ni patasi nyembamba kuliko ukucha ambayo husafisha kingo za mstari wenyewe. Kazi hii ya kusafisha ndiyo anayopewa mwanafunzi. Desturi ya zamani ilikuwa kijana aingie nyumbani kwa bwana wake akiwa na umri mdogo, akae naye miaka 10 au karibu na hiyo, akifagia, akinoa, akisafisha mbao za wengine. Baadaye huruhusiwa kuchonga miti na mawimbi, kisha nguo. Uso wa mtu na nywele za pembeni mwa paji huachiwa bwana mwenyewe, kwa kuwa nywele hizo hukaribiana hata mbili tatu zikaenea ndani ya milimita moja.

Wakati wa jioni, kabla taa za sasa hazijapatikana, wachongaji waliweka chupa ya kioo ya mviringo iliyojaa maji mbele ya taa, nayo iliukusanya mwanga ukaangukia mahali padogo pale penye kisu. Wako ambao bado wanaitumia, wakiwa na balbu ya umeme nyuma yake. Husema mwanga huo haumchoshi mtu macho, na zaidi ya hayo huonyesha vivuli vya mifereji vizuri kuliko taa kali iliyo juu ya kichwa.

Jambo moja katika ubao ni dogo kuliko yote, nalo ndilo linaloshika yote. Karibu na pembe ya chini upande wa kulia mchongaji huacha alama iliyoinuka yenye umbo la pembe, na upande wa kushoto, kwenye ukingo ule ule, alama nyingine iliyonyoka. Alama hizi huitwa kento. Karatasi ikilazwa, pembe yake huingia katika alama ya kwanza na ukingo wake hugusa ya pili. Kwa kuwa kila rangi ina ubao wake, alama hizi huchongwa mahali pale pale katika kila ubao, na hivyo ndivyo buluu ya mto inavyojua mahali pa kuishia na kahawia ya daraja mahali pa kuanzia. Ili kupata mbao za rangi, ubao wa mistari myeusi hupigwa chapa mara kadhaa pamoja na alama zake. Mchoraji huonyesha katika kila karatasi mahali pa rangi moja. Na karatasi hizo nazo hubandikwa juu ya mbao nyingine na kuchongwa. Kwa kuwa mcheri ni ghali, pande mbili za ubao hutumiwa.

Hata hapo hakuna picha. Kuna rundo la mbao tu, nazo hupelekwa kwa mpiga chapa, ambaye pengine yuko chumba cha pili na pengine yuko mtaa mwingine.

Kazi ya mpiga chapa huanza jana yake. Karatasi azitumiazo hutengenezwa kwa mkono kwa nyuzi za gamba la ndani la mti uitwao kozo, ulio wa jamaa ya mforsadi, na zilizo mashuhuri sana hutoka Echizen katika mkoa wa Fukui. Kwanza hupakwa maji ya gundi ya wanyama yaliyotiwa shabu, ili rangi isienee ovyo. Kisha, jioni ya kuamkia kazi, mpiga chapa huzilowesha kwa burashi pana: moja hulowa, nyingine hubaki kavu, kisha hupangwa juu kwa juu na kufunikwa ubao. Usiku kucha unyevu hutembea toka karatasi hata karatasi, na asubuhi zote huwa na ubichi mmoja, laini kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

Toka saa hiyo mpiga chapa ni mtumwa wa unyevu huo. Karatasi mbichi huwa pana kidogo kuliko karatasi kavu. Zikikauka kabla rangi zote hazijaingia, zitanywea, na alama za kento hazitasaidia kitu: mwavuli utakuwa hapa na rangi yake pale. Kwa hiyo kazi iliyoanzwa haiwezi kuachwa hata wiki ijayo kwa sababu ya harusi au homa. Wakati wa baridi hewa kavu huzinyang'anya maji; wakati wa joto la Tokyo, ambalo lina jasho kama la pwani, ukungu huota juu ya karatasi na kuzitia madoa. Zamani idadi ya desturi kwa mara moja ilikuwa karatasi 200. Picha yenye kupigwa mara 15 kwa karatasi 200 ni kusugua mara 3,000, na zote zimalizike kabla rundo halijakauka wala halijaoza.

Mpiga chapa naye hukaa chini. Ubao wake umelala juu ya meza iliyoinama kwenda mbele, ili uzito wa kifua chake umsaidie kusukuma. Huweka rangi ya maji juu ya ubao, huongeza tone la gundi ya mchele, kisha hueneza vyote kwa burashi ya nywele za farasi. Burashi hizo zikiwa mpya huwa ngumu, kwa hiyo nywele huunguzwa ncha na kusuguliwa juu ya ngozi ya papa iliyokaushwa mpaka zipasuke ncha na kuwa laini. Hapo huchukua karatasi kwa mikono miwili, pembe ya kulia kwenye alama, ukingo wa kushoto kwenye alama, akaiachia ishuke. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko muda wa kuyasimulia.

Kisha hushika baren. Chombo hiki kwa kukitazama ni kisahani tu cha upana wa sentimita 13 hivi, kilichofungwa ganda la mwanzi na kufanyiwa kishikio nyuma. Ndani yake kuna kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba za ganda hilo hilo la mwanzi, ikazungushwa toka katikati hata ukingoni, na kila fundo la kamba hiyo hubonyeza karatasi kama ncha ndogo. Nyuma ya kamba kuna kisahani cha karatasi nyingi zilizogandishwa moja moja na kupakwa sandarusi ya Kijapani. Watengenezaji wa baren halisi wanahesabika kwa vidole. Ganda la nje huchakaa upesi, nalo hubadilishwa na mpiga chapa mwenyewe. Kijana asiyejua kufunga ganda la baren hajahesabiwa kuwa amejifunza kitu. Fundi hukigusisha kwenye kitambaa chenye mafuta kidogo, akasugua mgongo wa karatasi kwa mkono, bega na kiuno pamoja. Rangi haikai juu ya karatasi kama ya gazeti. Husukumwa ndani ya nyuzi, na ukiigeuza picha iliyopigwa vizuri utaona nyuma yake alama za njia aliyopita baren.

Mistari myeusi ya masizi hutangulia, kisha rangi hufuata, kwa kawaida nyepesi kabla ya nzito. Karatasi za kwanza huharibika, maana ubao mkavu hunywa rangi yote, na kila fundi huzihesabia hasara hizo tangu mwanzo. Ikiwa mstari na rangi havikutana, mpiga chapa hachelewi. Huchukua patasi yake na kuipunguza alama ya kento kwa unene wa uzi, au kuiongezea kipande.

Lakini wingu jeusi lililo juu ya picha ya Hiroshige, ambalo mvua yote hushuka kutoka humo, halikuchongwa. Ubao wake katika sehemu hiyo ni mtupu. Mpiga chapa huulowesha kwa kitambaa, akatia wino upande mmoja wa burashi, akaipitisha mara moja au mbili ili weusi uwe mzito juu na kufifia kuelekea chini mpaka upotee kabisa. Ufundi huu huitwa bokashi. Hauna mstari wa kumwongoza mtu, nao hufanywa upya kwa kila karatasi. Ndiyo sababu nakala za zamani za picha ile hazifanani: moja ina wingu la dhoruba, nyingine wingu la manyunyu. Aliyeamua ni mpiga chapa, kwa kiasi cha maji katika kitambaa chake.

Katika karatasi utaona jina la mchoraji na mhuri wa mtoaji. Jina la mchongaji lilitiwa mara chache, na la mpiga chapa mara chache zaidi. Wachoraji hata hivyo walijua walivyokuwa mikononi mwa watu hao. Hokusai, aliyechora wimbi kubwa la Kanagawa yapata mwaka wa 1831 akiwa mzee wa miaka 70 na kitu, aliwaandikia watoaji akimtaka kwa jina mchongaji Egawa Tomekichi, na kulalamika juu ya wachongaji wengine waliobadilisha macho na pua za watu wake ili zifuate mtindo uliopendwa wakati ule. Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Lakini yanaonyesha pia kwamba kisu ndicho kilichokuwa na neno la mwisho.

Picha zenyewe ziliuzwa rahisi, kwa bei iliyolinganishwa na bakuli moja au mawili ya tambi, nazo zilinunuliwa na watu wa kawaida. Mbao zilipochakaa zilipigwa randa na kuchongwa picha nyingine, na kwa hiyo mbao za asili zilizobaki ni chache. Edo ilipogeuzwa jina kuwa Tokyo mwaka wa 1868, mitambo ya chapa na kamera vilikuwa vinaingia, na kwa muda mfupi mafundi wengi walikosa kazi. Mtoaji Watanabe Shozaburo aliwakusanya baadhi yao mwanzoni mwa karne ya 20, akawatafutia wachoraji wapya. Tarehe 1 Septemba 1923 lilitokea tetemeko kubwa la nchi, likafuatwa na moto. Duka lake liliteketea pamoja na mbao zake, ikambidi aanze tena. Siku hiyo madaraja mengi ya Sumida yaliungua watu wakiwa juu yake, lakini Shin-Ohashi, ambalo tangu mwaka wa 1912 lilikuwa limejengwa kwa chuma, lilisimama, na maelfu waliokimbilia juu yake waliokoka. Wenyeji waliliita daraja liokoalo watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliteketeza mitaa ile ile kwa mabomu ya moto, na watu wapatao 100,000 walikufa.

Mafundi wa leo hutoka katika mkono wa wachache waliobaki baada ya hayo. Sifa ya picha imekua kupita kiasi. Nakala moja ya zamani ya wimbi la Hokusai iliuzwa katika mnada mjini New York mwezi wa Machi 2023 kwa zaidi ya dola milioni 2.7, na tangu tarehe 3 Julai 2024 wimbi hilo hilo limo nyuma ya noti mpya ya yeni 1,000, katika mfuko wa kila Mjapani. Fedha za mnada hazimfikii mtu ashikaye patasi. Mchongaji hulipwa kwa ubao, mpiga chapa kwa karatasi zilizokubaliwa, na kijana mwenye mkono mzuri huweza kupata zaidi akifanya kazi ya ofisi. Wako wanaokuja hata hivyo, wanaume na wanawake; zamani wanawake hawakuonekana sana katika kazi hii. Hukaa kwanza na mawe ya kunolea. Wengine hurudi makwao mwaka haujaisha. Kwa wanaobaki, swali ni kama watapata miaka ya kutosha kando ya mzee anayejua, maana ule uzito wa bega juu ya baren hauandikiki kitabuni, na mzee naye ana siku zake.

Jioni mpiga chapa husimamisha kazi kabla mwanga haujabadilika, kwa sababu buluu itazamwayo chini ya taa humdanganya mtu. Huosha burashi, hufuta ubao, hukung'uta baren na kuiweka juu ya kitambaa chake. Kisha huhesabu karatasi moja moja, huzitenga zilizoharibika, na kuzirudisha njema katika rundo. Hupitisha kiganja juu ya ile ya juu kabisa, kama mama apimavyo joto la mtoto, akanyunyiza maji kidogo pembeni palipoanza kukauka, akazifunika kwa kitambaa kibichi na ubao. Daraja limekwisha kuingia, na watu wake, na mto. Karatasi bado hazina mvua. Mbao mbili za mvua zimesimamishwa ukutani, zimekwisha kusafishwa, zikingoja asubuhi.